Moshi wa Kisaki Huenda Wapi?

Abiria atokaye Morogoro mjini kwa basi la kijiji cha Kisaki mwezi wa Septemba, akapita Mkuyuni na Matombo milima ya Uluguru ikiwa mkono wake wa kulia, kisha akateremka Mvuha mpaka uwanda wa Dutumi, huona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalitaji tena: jua huchwa kabla ya wakati wake. Halizami nyuma ya mlima wala nyuma ya wingu. Hugeuka jekundu mithili ya kaa la moto, likatazamika kwa macho makavu bila kuyaumiza, kisha likamezwa na utando wa rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu, ilhali saa ya magharibi haijawadia. Masizi ya nyasi, mepesi kama unyoya, huingia dirishani yakatua juu ya nguo. Ndipo abiria wa mjini, aliyekuja kuzika au kununua ufuta, huuliza maswali ambayo wageni wa nchi hii hawajaacha kuyauliza: moshi huu wote unatoka wapi, unakwenda wapi, na kwa nini hapana mtu anayeukomesha?

Maswali haya ni matatu, lakini desturi ya watu ni kuyajibu yote kwa neno moja, kwamba wakulima wanaharibu nchi. Neno hilo lina sehemu ya ukweli, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike sura hii.

Kusi, kaskazi na umande

Tuanze na swali la pili, kwa kuwa jibu lake huwashangaza wengi. Mkazi wa Dar es Salaam anayeamka na kifua kizito mwezi wa Agosti hupenda kuulaumu moto wa bara. Kutoka Kisaki mpaka mjini kwake ni yapata kilomita 200 kwa mstari ulionyoka, kuelekea mawio ya jua, na masafa hayo si makubwa kwa moshi. Moshi unaotoka kusini na kati ya Afrika miezi hiyo hiyo huvuka bahari ya Atlantiki, na zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka imo katika bara letu. Basi si ajabu mtu akidhani kuwa moshi wa Kisaki haushindwi kufika Kariakoo.

Lakini majira ya kuchoma mashamba ni majira ya kusi, upepo ule ule ambao manahodha wa majahazi waliungoja ili kurejea Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, tangu Aprili au Mei mpaka Septemba au Oktoba. Hutoka baharini ukaingia nchi kavu. Moshi wa Kisaki, madhali hauna tanga la kwenda joshi, aghalabu huupa mji wa Dar es Salaam kisogo: hupanda kaskazini na magharibi, ukaegemea mabega ya Uluguru, ukazunguka milima, ukaelekea Morogoro, Kilosa na nchi ya Dodoma. Upo pia umande, yaani upepo mwembamba wa alfajiri utokao bara kwenda pwani, jina moja na maji yale yanayokaa juu ya majani. Nao hufika karibu tu, na jua likipanda hukata tamaa. Kaskazi nayo haijaanza kuvuma ila mashamba yamekwisha kuchomwa.

Moshi unaomkohoza mtu wa Dar es Salaam, basi, kwa sehemu kubwa ni wake mwenyewe: ni wa magari yanayongojana katika foleni, wa jenereta, wa takataka zinazochomwa uani na zinazofuka katika dampo la Pugu, na wa majiko ya mkaa ya mji uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Na hapo pana kinaya ambacho sitaki msomaji akipite. Miti ya mkoa wa Morogoro hufika Dar es Salaam kila siku, lakini haifiki kwa upepo. Hufika ndani ya gunia la mkaa, juu ya lori, kisha hutolewa moshi wake jikoni kwa mlaji.

*Kwa ufupi: wakati wa moto mkubwa, upepo huutoa moshi wa Kisaki mbali na pwani. Wanaouvuta kwanza ni watu wa Kisaki wenyewe, kisha majirani zao wa milimani na wa nyuma ya milima.*

Moshi ni kitu gani hasa

Watu husema moshi kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa hakika ni mchanganyiko wa hewa kadhaa, mvuke wa maji, na chembe zisizohesabika za kaboni, lami na majivu. Hewa mojawapo ni kaboni monoksaidi, ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Uwandani hutawanyika, na kwa hiyo si adui mkubwa. Adui mkubwa ni chembe.

Chembe zilizo kubwa, kama masizi yale yaliyotua juu ya nguo ya abiria, hazina madhara makubwa: pua huzinasa, koo huzitema. Zinazoogopwa ni zile ambazo upana wake hauzidi mikroni 2.5. Mikroni ni milimita moja iliyogawanywa mafungu elfu. Twaa unywele mmoja wa kichwani, na chembe hizo zaidi ya ishirini zitaenea safu moja katika unene wake. Kwa udogo huo hazisimami puani wala kooni. Hushuka mpaka vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia damuni. Ndiyo sababu moshi haumpati mwenye pumu peke yake, bali hata mwenye maradhi ya moyo, na mama mjamzito na kiumbe aliye tumboni mwake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, lilipendekeza kuwa hewa avutayo mtu, kwa wastani wa mwaka, isiwe na chembe hizo kupita mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo, na kwa wastani wa siku moja isipite 15. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mafungu milioni. Kipimo hicho ni kidogo sana, na miji mingi ya dunia hushindwa kukitimiza.

Kuna jambo jingine linalohusu mahali. Usiku wa kiangazi mbingu huwa wazi, ardhi hupoa upesi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka mlimani ikatulia mabondeni, huku hewa yenye joto ikibaki juu yake. Hali hiyo ni sawa na sufuria iliyofunikwa: kinachofuka ndani hakina pa kutokea. Mama wa Kisaki anayetoka alfajiri kuchota maji hukuta moshi wa jana umelala chini, umefikia usawa wa mapaa, na haunyanyuki mpaka saa tatu au saa nne jua litakapoipasha ardhi joto na kukifungua kile kifuniko. Kwa hiyo wanaotembea alfajiri, yaani wanawake, watoto waendao shule na wavuvi wa mto Mgeta, huvuta moshi mwingi kuliko yule aliyewasha moto saa nane mchana, upepo ukiwa umeshika kasi.

Kwa nini mkulima huwasha

Yuko anayedhani kuwa mkulima huchoma kwa uvivu. Mtu huyo hajapata kung'oa visiki kwa jembe la mkono.

Ekari moja ya uwanda wa Kisaki, ikiachwa masika moja tu, huota nyasi zipitazo kimo cha mtu. Kuzifyeka ni kazi ya siku nyingi. Kuzifukia ni kazi zaidi. Na biwi la nyasi, mabua ya mahindi na mashina ya ufuta likiachwa shambani huwa makao ya panya, na panya ndiye mla mbegu. Moto humaliza kazi hiyo kwa alasiri moja, bila kodi ya trekta. Huua mbegu za magugu na mayai ya wadudu. Huacha majivu yenye potasi na chokaa, nayo huamsha mazao ya mwaka wa kwanza hata mtu akaona kwa macho yake tofauti kati ya pale lilipoungua biwi na pale ambapo halikuungua. Hasara yake haionekani upesi hivyo: naitrojeni, ambayo ni chakula kikuu cha jani, hupaa pamoja na moshi, na udongo ulioachwa uchi huchukuliwa na mvua ya kwanza. Mkulima hupokea faida mwaka huu na hulipa gharama miaka mitatu baadaye, na ni nani miongoni mwetu asiyefanya biashara ya namna hiyo akiwa na njaa?

Wala si mkulima peke yake. Mfugaji huwasha ili nyasi kongwe, ngumu kama waya, ziungue na machipukizi mabichi yatoke kabla ya mvua. Mwindaji huwasha ili mnyama atoke. Mrina asali husahau kienge chake chini ya mti. Na mpitanjia huwasha ili aone nyoka na simba kwa mbali, hofu ambayo si ya bure katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zamani sehemu ya Selous. Na mara nyingi moto unaoteketeza msitu ni ule uliowashwa kwa shamba la robo ekari ukamshinda mwenyewe.

Nataka kuongeza neno kuhusu wageni. Kwa kuwa mvua ilizuia njia, wageni kutoka ng'ambo walikuja kiangazi: wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipopita Zungomero, kituo cha misafara kilichokuwa karibu na Kisaki, ulikuwa mwaka 1857, katikati ya miezi mikavu. Afisa wa serikali ya kikoloni naye alizuru vijiji barabara zikipitika. Wote hao waliikuta nchi ikiwaka au imekwisha kuungua, wakaondoka kabla haijavaa majani tena, na picha waliyoibeba ikawa ya nchi inayoteketezwa na watu wake. Sheria nyingi za moto zilitungwa na watu walioijua nchi kwa miezi minne tu ya mwaka.

Marufuku iliyopandishwa mlimani

Mfano ulio bora wa sheria hizo uko juu ya Kisaki penyewe, katika milima ambako Waluguru wanalima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika, ikiona mchanga wa Uluguru unavyoshuka katika mito, na ikijua kuwa mto Ruvu unaotoka humo ndio unaonywesha nchi ya chini, ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Nia yake haikuwa mbaya. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, wakakatazwa kulima penye mwinamo mkali na kando ya vijito, na wakakatazwa kuchoma moto mashamba yao. Asiyetii alitozwa faini.

Matuta yalikuwa kazi ngumu isiyo na malipo, na juu ya hayo yaliharibu kile yalichokusudiwa kuokoa. Udongo wenye rutuba mlimani ni mwembamba. Ukichimba ngazi, udongo mzuri hufukiwa chini na ule mwekundu wa ndani huja juu, na mahindi yaliyopandwa juu yake yakatoka manjano. Watu waliona, wakasema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na baada ya muda mfupi mpango wote ukaachwa. Chama cha TANU, kilichokuwa kimeundwa mwaka mmoja kabla, kilikuta wanachama tayari katika milima hiyo.

Kilichobaki, kwa maoni yangu, ni tabia ambayo marufuku iliifundisha. Mtu aliyeruhusiwa kuchoma huchoma mchana, akaita jirani, akasimama na matawi mabichi mkononi mpaka cheche ya mwisho izimike. Mtu aliyekatazwa huwasha jioni, akageuka, akaenda zake, na asubuhi akajiunga na wengine kushangaa ni nani aliyefanya hivyo. Moto wa namna ya pili hauna mwenyewe, na moto usio na mwenyewe ndio unaopanda msituni.

Kinaya kingine ni kwamba dawa ilikuwa mlimani humo humo. Wakulima wa Mgeta, upande wa magharibi, walikuwa na matuta yao wenyewe, mepesi, wanayoyafanya kwa kukwangua nyasi na mabaki ya mazao, kuyapanga safu safu kukingama mteremko, na kuyafukia kwa udongo wa juu. Kwa hila hiyo takataka huoza chini ya mazao na kuwa mbolea, na maji ya mvua hukatishwa mbio. Sisemi kuwa desturi hiyo yaweza kuteremshwa Kisaki kama ilivyo: Mgeta ni baridi, ina unyevu, na bustani ndogo za mboga hulipa gharama ya jasho, ilhali Kisaki ni joto, kiangazi chake ni kirefu, na nyasi zilizofukiwa Agosti hukaa kavu mpaka mvua. Lakini aliyetaka kufundisha Uluguru kutochoma angeliweza kuanza kwa kuuliza Mgeta.

Moto wa mapema na moto wa kuchelewa

Ng'ambo ya mpaka wa kijiji, katika hifadhi, askari wa wanyamapori huchoma kwa makusudi kila mwaka. Huanza masika yanapokwisha, nyasi zikiwa zimekauka nusu, ili moto utembee polepole, uache mabaka mabichi, na uzime wenyewe usiku unapoingia. Baka lililoungua Juni haliwezi kuungua tena Septemba, kwa hiyo huwa kinga kwa msitu ulio nyuma yake. Hilo huitwa usimamizi. Mwanakijiji akifanya lile lile upande wa pili wa mto, huitwa uharibifu. Sheria ya Misitu ya 2002 haikatazi moto wote. Inataka uchomaji uwe kwa taarifa na kwa kibali. Taabu ni kuwa afisa wa kutoa kibali huwa mbali na ekari moja huwa karibu.

Tofauti ya miezi minne ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Moto wa Juni hula nyasi. Moto wa Oktoba, majani ya miti ya miombo yakiwa yamepukutika, jua kali na upepo wa mchana ukivuma, hula mpaka magome ya miti mikubwa na kuunguza miche ya mninga iliyokuwa inajaribu kuinuka. Hata hivyo, sharti niseme jambo ambalo wapenzi wa moto wa mapema hawapendi kulitaja: nyasi zenye unyevu hazichomeki vizuri, na kila kilo yake hutoa moshi mwingi kuliko kilo iliyokauka. Faida haitoki katika usafi wa moto huo bali katika uchache wa kilo zinazoungua, na katika kutawanya moshi kwa miezi mitatu badala ya kuumwaga wote katika majuma matatu.

Wazee wanaojua kazi hii hawatazami kalenda. Huangalia haya:

- nyasi zikunjwapo zivunjike kwa sauti nje, lakini mashina yake chini yawe bado na kijani;
- upepo uwe mmoja, usiogeuka, nao uvume kuelekea palipokwisha kuungua au penye mto;
- kinga ya moto, yaani ukanda uliokwanguliwa mpaka udongo, iwe imezunguka shamba kabla kiberiti hakijatoka mfukoni;
- majirani wawe wameambiwa, na wawe wamekuja.

Kisa cha Punjab

Walio Delhi, mji mkuu wa India, hawana bahati ya kusi. Mashamba ya Punjab na Haryana yako upande ule ule utokako upepo, na moshi wa mabua ya mpunga huteremka moja kwa moja mjini mwao. Kwa muda mrefu mabua hayo yaliungua mapema kidogo, hewa ikiwa bado na joto na ikipanda. Mwaka 2009 Punjab ilitunga sheria ya kuhifadhi maji ya chini ya ardhi, ikakataza kuatika mpunga kabla ya Juni 10. Sheria ilikuwa na hekima yake, kwani visima vilikuwa vinakauka. Lakini mpunga ulioatikwa nyuma huvunwa nyuma; mavuno yakasogea mpaka mwisho wa Oktoba na Novemba, muda wa kupanda ngano ukabaki majuma mawili au matatu, mashine za kuvuna zikaacha mashina marefu shambani, na wakulima wote wakawasha kwa pamoja wakati ambapo baridi imekwisha kuweka kifuniko juu ya sufuria. Waliotunga sheria ya maji hawakuwa wakifikiria moshi hata kidogo.

Kisaki haina ngano wala mashine hizo, lakini ina mabwana shamba wanaoletewa tarehe kutoka mbali, na ina mvua za vuli ambazo siku hizi haziaminiki. Vuli zikichelewa, mkulima huchelewesha moto, akitumaini kuwa majivu hayatapeperushwa kabla ya kupanda. Zikiwahi, huharakisha, na nchi nzima huwaka kwa juma moja.

Mvua ikinyesha

Mvua ya kwanza ya Novemba husafisha hewa ya uwanda kwa saa mbili. Kila tone huteremka na mzigo wake wa chembe, jua hurudia rangi yake, na kutoka stesheni ya reli ya TAZARA mtu huiona tena milima waziwazi, bonde kwa bonde, kama imeoshwa. Watu hupumua, na mazungumzo ya moshi huisha mpaka mwaka ujao.

Lakini jikoni moshi hauishi. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaokusudia kuwa ifikapo 2034 Watanzania 80 kwa kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, yaani gesi, umeme na mfano wake. Mtungi wa gesi wapatikana Morogoro mjini, lakini kuujaza tena ukiwa Kisaki, barabara ya Mvuha ikiwa tope, ni safari yenye nauli yake. Kwa hiyo mafiga matatu yangalipo, chini ya paa la nyasi lililotiwa weusi na masizi ya miaka. Na msimu huu, ambapo nje kumekuwa safi, kuni zilizonyeshewa hazishiki moto kwa urahisi. Hufuka, zikatoa machozi, na mtoto aliye mgongoni huvuta kila anachovuta mama yake anayeinama kupuliza.